Moshi Uje Mwisho: Namna ya Kuanzisha Chama cha Treni za Kale Ukiwa Dzaleka au Lilongwe

Mtu akitaja treni za kale, msikilizaji huona moshi. Huona kichwa cheusi cha mvuke, magurudumu yanayomzidi mtu kimo, watoto wakikimbia kando ya njia. Basi kikao cha kwanza cha chama cha namna hii huishia kwenye swali moja: injini tutaipata wapi, na kwa shilingi au kwacha ngapi? Kikao cha pili hakina watu.

Ushauri wangu kwa wanaolitaka jambo hili hapa Malawi ni kuugeuza mpangilio. Anzeni na wazee. Fuateni karatasi na picha, kisha vyombo vidogo, kisha mfano wa treni. Injini yenyewe iwe ya mwisho, na hata msipoifikia, chama kitakuwa kimefanya kazi ya maana. Chuma husubiri miaka hamsini kwenye majani. Mzee aliyejua kukiwasha hana miaka hamsini mingine.

Dzaleka haina reli. Ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kilometa 40 na ushee kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Lakini ina watu waliokua kando ya reli. Waliotoka Kalemie, mashariki mwa Kongo, wameishi kwenye ncha ya njia iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915. Waliotoka Kindu na Kongolo wanaijua njia iliyounganisha miji hiyo mwaka 1911. Wengine walivuka ziwa Tanganyika, wakashuka Kigoma na kupanda gari moshi la reli ya kati, iliyofika mji huo mwaka 1914. Lilongwe kwa upande wake ilipata reli kutoka Salima mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikasogea hadi Mchinji, na mwaka 2010 ikaunganishwa na Chipata, Zambia. Ukienda Kanengo, kwenye viwanda, utaiona.

Kwa hiyo chama kiwe na miguu miwili. Dzaleka iwe na kazi ya kumbukumbu, kwa sababu ndiko waliko wazee. Lilongwe iwe na kazi ya barua, ofisi na safari, kwa sababu anayeishi kambini huhitaji kibali kila anapotaka kutoka, na chama hakiwezi kusimama kila kibali kinapochelewa. Wafanyabiashara wazungumzao Kiswahili walioko mjini, Watanzania kwa Wakongomani, wengi wana gari, simu nzuri na jamaa kambini. Hao ndio mguu wa pili. Na msianze kwa kukimbilia kusajili shirika jipya. Jisitirini kwanza chini ya shule, kanisa, msikiti au shirika lililokwisha kusajiliwa, mfanye kazi mwaka mzima, ndipo mwone kama mnahitaji jina lenu wenyewe.

Kumrekodi mzee

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na ndipo pa kukosea kwa urahisi.

Kambini, mtu akija na daftari na simu, wenyeji hudhani ni habari ya kesi: anahojiwa ili jina lake lisogezwe, apelekwe Marekani au Kanada. Usiache dhana hiyo hata dakika moja. Kabla ya kuwasha simu sema waziwazi: mzee wangu, mazungumzo haya hayahusu kesi yako, hayatakusaidia wala kukudhuru ofisini, na hakuna pesa. Tunataka kujua kazi ya reli. Rudia maneno hayo mbele ya mke au watoto wake, maana ndio watakaoulizwa na majirani jioni. Atakayekataa baada ya kuyasikia, mshukuru, unywe maji uliyopewa, uende zako.

Kuna jambo jingine zito. Reli ya mashariki mwa Kongo imebeba samaki na mahindi, na imebeba askari pia. Mzee akifika mahali akanyamaza, usimsukume. Usiandike jina lake kwenye faili. Tumia namba, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye karatasi moja tu kwa mtu mmoja anayeaminika. Muulize kama sauti yake inaweza kuchezwa hadharani, au ihifadhiwe tu, au ifutwe akibadili nia. Jibu lake liingie kwenye rekodi kwa mdomo wake mwenyewe.

Chagua asubuhi, mbali na mashine ya kusaga unga, na usiende siku ya mvua: bati likipigwa na mvua, sauti yote imepotea. Weka simu juu ya nguo iliyokunjwa, karibu na mdomo wake kuliko wako, uizimie mtandao isije ikaita katikati.

Maswali makubwa huleta majibu ya hotuba. Ukimwambia mzee akueleze historia ya reli, atakupa tarehe za wakoloni alizozisikia redioni. Muulize mkono. Ukifika kazini alfajiri, mkono wako uligusa nini kwanza? Ulijuaje kwamba maji kwenye boila yamepungua? Bendera nyekundu ilishikwaje usiku usio na taa? Firimbi ya kuondoka ilipigwa mara ngapi, na ya kuonya ng'ombe je? Mwombe aipige kwa mdomo. Kama alikuwa fundi wa njia, mpe kijiti achore ardhini mataruma yalivyopangwa na reli zilivyoungwa, nawe upige picha mchoro kabla kuku hawajaupita. Maneno ya kazi yaandike kama anavyoyatamka, hata kama yamechanganyika na Kifaransa au Kibemba. Usimsahihishe.

Wala usitafute madereva tu. Kosa hili naliona hata kwenye makumbusho makubwa: reli inaonekana kama ilijengwa na kuendeshwa na watu wa mashine peke yao. Tafuteni kina mama waliouza chakula stesheni, waliopakia dagaa Kigoma na kurudi na asali ya Tabora, waliojua gadi yupi ana huruma na yupi hana. Tafuteni waliosafiri bila tiketi. Mwulizeni aliyeshuka kwenye Liemba usiku akaikuta treni imeshaondoka alilala wapi. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma kwa ile reli ya kati, kwa hiyo habari zake ni habari zenu.

Anayetilia shaka thamani ya simulizi na aende Nairobi. Makumbusho ya Reli pale, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini kubwa za Garratt zilizoundwa Manchester, zikiwemo za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hizo za daraja la 59 ni mashine za kutisha, kila moja na uzito wa tani zaidi ya 250. Hata hivyo wageni wengi huulizia behewa dogo la ukaguzi, namba 12. Ndilo alimokuwa amelala Charles Ryall, mkubwa wa polisi, kule Kima mwezi Juni 1900, simba alipoingia na kumtoa. Ondoa kisa hicho, na behewa hilo ni mbao na chuma.

Picha na karatasi

Kambini kila karatasi ya maana hufunikwa kwa plastiki ya moto. Kwa kitambulisho ni sawa. Kwa picha ya zamani, tiketi ya treni au cheti cha kazi cha mwaka 1968, ni kuiua: moto na gundi haviondoki tena, na unyevu ulioingia ndani unabaki humo. Usitumie selotepu pia. Karatasi iliyochanika iache imechanika, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi, ndani ya bahasha, bahasha ndani ya boksi, boksi juu ya meza au rafu isiyogusa ukuta. Mchwa wa Dowa hawana adabu, na mvua za Novemba hadi Aprili hupenya popote.

Usimwombe mtu akuachie picha yake ya pekee. Ipige picha pale pale, mbele yake: nje, kivulini, saa nne asubuhi, picha imelala bapa na simu iko sambamba nayo, bila flashi. Piga mbele, piga na nyuma, maana nyuma ndiko yaliko majina ya studio, miaka na salamu. Kisha rekodi sauti yake akitaja waliomo kutoka kushoto kwenda kulia.

Jambo dogo linaloharibu kazi nyingi: picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa kadi. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali pa kazi, kisha namba: 2025-06-14-kalemie-007. Baada ya mwaka mmoja mtajishukuru.

Vyombo, na reli ambayo bado ni hai

Taa ya gadi, firimbi, kikata tiketi, kofia, funguo za pointi, saa ya mfukoni: vitu hivi vipo kwenye masanduku ya watu na kwa wauza vyuma chakavu. Mkivipata kwa njia halali, msivipige msasa wala rangi. Wengi hudhani kusafisha ni kung'arisha, kumbe ile rangi iliyobabuka na namba iliyogongwa kwa patasi ndiyo ushahidi. Futa vumbi kwa brashi laini, kutu inayomeguka iondoe kwa brashi ya shaba taratibu, pakaa mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa, basi. Kila kitu kiwe na kadi: kilitoka kwa nani kwa namba yake, lini, kimetolewa au kimeazimwa.

Sasa onyo. Reli ya Salima, Lilongwe na Mchinji si kitu cha kale. Mwaka 1999 reli za Malawi ziliwekwa chini ya kampuni ya Central East African Railways kwa mkataba, na treni za mizigo hazitoi taarifa kwa watalii. Usitembee juu ya njia, na usiokote boliti hata moja, hata iliyolegea, hata iliyoanguka pembeni. Boliti iliyookotwa na mpenzi wa historia inaweza kuangusha treni sawasawa na ile iliyong'olewa na mwizi. Polisi nao hawatauliza nia yako. Isitoshe, mgeni akikutwa na chuma cha reli, lawama huangukia kambi nzima.

Kusoma reli, hata hivyo, hakuhitaji kuigusa. Kwenye makutano halali ya barabara, treni ikiwa haipo, tazama ubavu wa reli. Reli nyingi zina herufi zilizotokeza: jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa. Piga picha ukiwa barabarani. Tazama pia mataruma kama ni ya mbao, ya chuma au ya zege. Wajerumani walitandika ya chuma kwenye njia zao za Tanganyika kwa sababu mchwa walikuwa wakila mbao.

Jifunzeni vipimo mapema, kwani kuna ndoto zinazozimwa na tepu ya kupimia. Njia ya Malawi ina upana wa milimita 1067 kati ya reli na reli, sawa na TAZARA. Reli ya kati ya zamani ya Tanzania ina 1000. Njia ya Kalemie nayo ilikuwa na 1000 hadi ilipopanuliwa kuwa 1067 mwaka 1955, kwa hiyo mzee aliyeanza kazi kabla ya hapo huenda ameziona zote mbili. Muulize walibadilishaje. Na atakayewaambia kuna behewa zuri linaoza Kigoma, mlilete litembee Malawi, mjibuni kwamba magurudumu yake hayatakaa kwenye reli za hapa.

Safari ya Chichiri

Blantyre ni zaidi ya kilometa 300 kutoka Lilongwe, na inafaa kwenda mara moja kwa mpango kuliko mara tatu kwa shauku. Reli ya nchi hii ilianzia kusini: Shire Highlands Railway iliunganisha Blantyre na Port Herald, ambayo leo ni Nsanje, mwaka 1908. Daraja la mto Zambezi lilikamilika mwaka 1935 na kuipa Nyasaland njia ya moja kwa moja hadi bandari ya Beira. Kwenye uwanja wa Makumbusho ya Chichiri imesimama injini ya mvuke iitwayo Thistle. Mwandikieni mhifadhi kabla, mkieleza kwamba mnataka kupima na kupiga picha, na muulize saa ipi inafaa.

Mkifika, waacheni wenzenu wapige picha za kujionyesha kwa dakika kumi, kisha kazi ianze. Piga picha injini nzima kutoka ubavuni, ukisimama katikati ya urefu wake, mbali kadiri uwanja unavyoruhusu, na mtu ameshika kijiti cha meta moja kando yake. Rudia ubavu wa pili, mbele na nyuma. Halafu vibao vyote vyenye maandishi, mikono inayounganisha magurudumu, mlango wa tanuru, vipimo vya maji. Picha hizo zirudi Dzaleka na kuwekwa mbele ya wazee. Mzee aliyesema hakumbuki kitu, ukimwonyesha kipimo cha maji cha kioo, ataongea saa mbili.

Mkiwa Blantyre, piteni Mandala House, jengo la mwaka 1882, ambamo mna maktaba ya Society of Malawi. Nyaraka za taifa ziko Zomba. Nendeni na penseli, si kalamu ya wino, na swali moja mahsusi. Anayeomba kuona kila kitu kuhusu reli hupewa kiti na kusahauliwa.

Mfano wa treni

Vijana wa hapa wanajua kusuka magari ya waya tangu utotoni, na hakuna sababu treni iwashinde. Chagueni kipimo cha 1 kwa 20. Njia ya milimita 1067 inakuwa milimita 53, na injini ya daraja la 59 ya Nairobi, yenye urefu wa zaidi ya meta 31, inakuwa na meta moja na nusu na kidogo, juu ya njia ya milimita 50. Waya mnene utoe fremu, makopo ya maziwa yatoe boila, vifuniko vya chupa vitoe taa. Msikisie: kila kipimo kitoke kwenye picha zenye kijiti cha meta. Halafu mwiteni mzee aseme kipi kimekosewa. Atakosoa bila huruma, na ukosoaji huo nao urekodiwe.

Mfano huo ndio utakaowaletea watu. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, hujaza Dzaleka wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi. Ombeni meza moja: treni ya waya, picha kumi zenye maelezo ya Kiswahili na Kichewa, simu yenye spika ikicheza firimbi alizozipiga mzee kwa mdomo. Redio Yetu ya hapo kambini nayo ni mahali pa kuwatafuta wazee wengine. Tangazo la sekunde thelathini lisemalo tunamtafuta aliyewahi kufanya kazi ya reli litaleta zaidi ya kugonga milango wiki nzima.

Katibu akiondoka

Kuna ugonjwa wa vyama vya kambini ambao vitabu vya kuendesha vyama haviutaji. Siku moja katibu anaitwa, baada ya miezi kadhaa anapanda ndege, na rekodi zote zimo ndani ya simu yake. Hakuna wa kulaumiwa: kuondoka ndilo alilokuwa akiomba. Kwa hiyo pangeni tangu siku ya kwanza kana kwamba kila mwanachama ataondoka. Kila rekodi iwe na nakala mbili, moja Dzaleka na moja Lilongwe, kwenye kadi au diski tofauti, na kila mwisho wa mwezi watu wawili wakae wazifungue kuona kama bado zinafunguka. Kila nafasi iwe na msaidizi anayejua neno la siri. Vitu vilivyoazimwa viwe na karatasi yenye mstari mmoja wa ziada: mwenyewe akiondoka Malawi, kitu kirudi kwake, kwa ndugu gani, au kibaki na chama?

Treni yenyewe

Watu wa reli ya Talyllyn huko Wales walikutana mwaka 1950 na kufikia Mei 1951 walikuwa wakiendesha treni kwa kujitolea, wa kwanza duniani kuiokoa reli namna hiyo. Lakini njia ilikuwapo, injini zilikuwapo, na mji wa watu wenye fedha haukuwa mbali. Mfano unaotufaa zaidi ni Eritrea. Reli ya Massawa hadi Asmara iliharibiwa vitani, hata vyuma vyake vikatumika kujengea mahandaki. Baada ya uhuru waliitwa wazee waliostaafu, wengine wenye miaka zaidi ya 70, wakairudisha wakiwafundisha vijana, na mwaka 2003 treni ikapanda tena hadi Asmara. Walichokuwa nacho kabla ya fedha ni watu waliokumbuka.

Anayetaka kuwasha mvuke ajue anachokitaka. Boila hupimwa na mkaguzi: hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko lile la kazini, mabomba yake hukaguliwa moja moja na mengi hubadilishwa. Juu ya tanuru kuna kizibo chenye kiini cha risasi. Maji yakipungua, risasi huyeyuka na mvuke kupenya ndani ya tanuru, uwe onyo kabla chuma hakijapasuka. Asiyejua kizibo hicho kiko wapi asikaribie kiberiti. Injini kubwa huwashwa usiku kwa safari ya asubuhi, hunywa maji kwa maelfu ya lita, na baada ya siku chache huoshwa tope la chokaa ndani. Juu ya hayo kuna bima, dereva mwenye cheti, na ruhusa ya mwenye njia.

Njia ya mkato ipo, nayo ni ya heshima: behewa moja la zamani nyuma ya injini ya dizeli ya kampuni, kwa safari fupi ya mchana, siku moja. Hilo linaombwa kwa barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mguu wa Lilongwe, kwa Kiingereza, ikiwa na sahihi ya shirika linalowabeba. Iseme mnataka kutoka stesheni ipi hadi ipi, watu wangapi, mwezi gani wa kiangazi, nani atabeba bima, na kwamba waliotoka Dzaleka watakuwa na vibali mkononi. Msiombe bei nafuu kwenye barua ya kwanza. Ambatisheni picha tatu: mzee akichora reli ardhini, meza yenu ya tamasha, na treni ya waya.